KLORI YA CHUMVI NA KLORI YA NDOO
Somo la shimi: namna ya kutafuta namba ya oksidasio



Siku moja katika klasi ya tatu ya humanite, fomula ya chumvi ikiwa ubaoni, NaCl, mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, kama klori iko ndani ya chumvi, juu ya nini wakati wa Ebola tulikuwa tunanawa na maji ya klori? Si tungenawa tu na maji ya chumvi? Chumvi iko bei ndogo."

Klasi yote ilicheka. Mimi sikucheka. Swali hilo ni bora kuliko mengi ninayoyaandika mimi mwenyewe siku ya interogasio. Kengele ikalia kabla sijamaliza kujibu, nikamwahidi jibu katika gazeti letu. Leo nalipa deni.

Tena si jambo la kucheka. Mwaka 2014, Ebola ilipofika Nigeria, uvumi ulienea kwamba kunywa maji ya chumvi na kuyaoga kunamkinga mtu. Watu walikunywa chumvi nyingi mpaka wakapelekwa hospitali, na wengine wakafa. Ebola haikuwagusa, chumvi ndiyo iliyowaua.

Sisi wa Butembo na Beni hatuhitaji kuelezwa Ebola ni nini. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina upande wa Beni, na mwisho wake ulitangazwa tarehe 25 Juni 2020. Wagonjwa walikuwa 3 470, na waliokufa 2 287. Katika klasi zetu kuna wanaokosa mzazi tangu wakati ule. Ilirudi Butembo mwezi wa Februari 2021, na Beni mwezi wa Oktoba mwaka ule ule. Siku zile mbele ya kila mlango, kanisani, sokoni, shuleni, kulikuwa na ndoo yenye robine, na harufu ya klori ilikuwa mikononi hata wakati wa kula.

Klori ya ndoo na klori ya chumvi ni atomu ile ile. Katika tablo ya Mendeleev iko na kasha moja tu, namba 17. Kinachozitenganisha ni namba ya oksidasio, ile tunayoandika N.O. Wengi wenu mnaichukia kwa sababu mliikariri kama orodha. Tuichukue upya, polepole.

1. DAFTARI LA DENI

Butembo ni mji wa biashara. Mtoto wa hapa anajua daftari la deni kabla hajajua kuandika jina lake vizuri. Basi tutumie daftari hilo.

Atomu ikiwa peke yake iko na protoni (plus) na elektroni (minus) kwa hesabu sawa. Haidai, haidaiwi. N.O. yake ni sifuri. Atomu mbili za namna mbalimbali zikiungana, elektroni zinahama, ama zinavutwa upande mmoja. N.O. inatuambia atomu imeongezewa elektroni ngapi, ama imepungukiwa na ngapi, ukilinganisha na siku ilipokuwa peke yake.

Hapa ndipo wengi wanakwama. Wanauliza: "Aliyepata elektroni, mbona anaandikwa minus? Si amepata?" Jibu: elektroni ni kama deni. Yenyewe iko na alama ya minus. Anayebeba deni mbili anaandikwa −2. Aliyepunguziwa deni mbili anaandikwa +2. Shika hilo, na alama hazitakuchanganya tena.

Katika chumvi, sodiumu imetoa elektroni moja na klori imeipokea. Sodiumu +1, klori −1. Hiyo ni rahisi. Lakini katika maji, H2O, hakuna aliyetoa kabisa. Hidrojeni na oksijeni wanatumia elektroni kwa ushirika. Tutaandika nini? Tunafanya kama mzee anayekata maneno ya shamba la ushirika: elektroni zote za ushirika tunamwandikia yule anayevuta kwa nguvu zaidi. Nguvu hiyo ya kuvuta inaitwa elektronegativite. Wa kwanza kwa nguvu ni fluori, wa pili ni oksijeni; klori na azoti wanafuata; hidrojeni iko mbali nyuma yao.

Kwa hiyo N.O. ni hesabu ya daftari. Si kila mara elektroni zimehama kweli. Lakini daftari hili likitunzwa vizuri, linaonyesha nani atanyang'anya na nani atanyang'anywa, na ndiyo kazi yake kubwa.

2. KANUNI SITA

Andikeni hizi katika daftari lenu, kwa mpango huu huu. Kanuni ya juu inashinda ya chini.

Kanuni ya 1. Kitu chenye atomu za namna moja tu kiko na N.O. sifuri: Fe, Cu, O2, N2, Cl2, Au. Dhahabu inayooshwa mtoni inang'aa kwa sababu hiyo: imekaa ardhini miaka isiyohesabika, na bado iko sifuri. Haipendi kutoa elektroni zake.

Kanuni ya 2. Iyoni ya atomu moja iko na N.O. sawa na alama yake: Na+ ni +1, Ca2+ ni +2, Fe3+ ni +3, Cl− ni −1.

Kanuni ya 3. Ndani ya kampani (yaani ndani ya kitu chenye atomu mbalimbali), fluori ni −1 sikuzote. Sodiumu, potasiumu na wenzao wa safu ya kwanza ni +1. Kalsiumu, magnesiumu na wenzao wa safu ya pili ni +2. Aluminiumu ni +3.

Kanuni ya 4. Hidrojeni ni +1. Ila ikiungana na metali peke yake, kama katika NaH, ni −1, kwa sababu pale yeye ndiye anayevuta zaidi.

Kanuni ya 5. Oksijeni ni −2. Ila katika peroksidi ni −1, kama katika H2O2, yale "maji ya oksijeni" ya kusafisha vidonda. Na katika OF2 ni +2, kwa kuwa fluori inamshinda.

Kanuni ya 6, ambayo ni mama yao. Jumlisha N.O. za atomu zote. Kama ni molekuli, jumla ni sifuri. Kama ni iyoni, jumla ni sawa na alama ya iyoni. Deni haipotei njiani: aliyoitoa mmoja, mwingine ameibeba.

3. TUFANYE HESABU PAMOJA

Njia ni moja sikuzote: andika unaowajua, mpe usiyemjua jina x, zidisha kila mmoja kwa hesabu ya atomu zake, jumlisha, tafuta x.

Mfano wa kwanza: chumvi ya Katwe. Babu zetu walikuwa wakitafuta chumvi kwenye ziwa la Katwe, Uganda, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Chumvi ile haiko NaCl tupu. Ndani yake kuna pia Na2SO4 na Na2CO3. Tutafute sulfuri katika Na2SO4.

Sodiumu: 2 × (+1) = +2
Oksijeni: 4 × (−2) = −8
Jumla: 2 + x − 8 = 0, basi x = +6.

Sulfuri iko +6. Fanya vile vile kwa kaboni ya Na2CO3: 2 + x − 6 = 0, x = +4.

Mfano wa pili: iyoni. Fuwele za zambarau za permanganati ziko na iyoni MnO4−. Hapa jumla haiko sifuri, ni −1.

x + 4 × (−2) = −1
x − 8 = −1, basi x = +7.

Manganezi imepunguziwa elektroni saba. Unaweza kukisia mwenyewe kwamba inatamani kuzirudisha. Ndiyo sababu maji yake yanageuza rangi upesi yakikutana na uchafu.

Mfano wa tatu: mabano. Al2(SO4)3, inayotumiwa kutuliza tope katika maji. Wengi wanaanguka hapa. Tatu iliyo nje ya mabano inazidisha kila kilicho ndani: sulfuri ni 3, oksijeni ni 12.

2 × (+3) + 3x + 12 × (−2) = 0
6 + 3x − 24 = 0, 3x = 18, x = +6.

Mfano wa nne: namba isiyokamilika. Fe3O4, jiwe la sumaku. 3x − 8 = 0, x = +8/3. Mwanafunzi anaogopa, anafuta, anaanza upya. Usifute! Hakuna atomu iliyotoa elektroni mbili na kipande. Namba hiyo ni wastani: kati ya atomu tatu za chuma, moja iko +2 na mbili ziko +3. Jumla yake +8, atomu tatu. Daftari liko sawa.

4. NGAZI YA KLORI

Sasa turudi kwa swali la mwenzenu. Tupande ngazi pamoja na klori, kipandio kwa kipandio.

Chumvi, NaCl: +1 + x = 0, klori −1.
Gesi ya klori, Cl2: kanuni ya 1, klori 0.
Maji ya javeli, NaClO: +1 + x − 2 = 0, klori +1.
Klorati ya potasiumu, KClO3, iliyo katika kichwa cha njiti ya kiberiti: +1 + x − 6 = 0, klori +5.
Perklorati ya sodiumu, NaClO4: +1 + x − 8 = 0, klori +7.

Na ile poda nyeupe ya kampeni ya Ebola, iliyokuwa inakorogwa ndani ya mapipa? Sehemu yake kubwa ni hipoklorti ya kalsiumu, Ca(ClO)2. Angalia mabano: +2 + 2x + 2 × (−2) = 0, basi 2x = +2, x = +1. Iko kipandio kimoja na javeli.

Mbona klori, ambayo inapenda kuvuta, iko +1 hapa? Kwa sababu jirani yake ni oksijeni, na oksijeni anamshinda kuvuta. Klori amenyang'anywa. Hapo hana raha. Atomu yake inatamani kushuka mpaka −1, pale ambapo tabaka lake la nje limejaa elektroni nane.

Toka +1 mpaka −1 ni vipandio viwili. Kila klori ya javeli inatafuta elektroni mbili, na itazichukua kwa yeyote iliyemkuta: kwa rangi ya nguo, kwa mikrobi, kwa protini za kirusi cha Ebola. Aliyenyang'anywa anaharibika. Kunyang'anywa elektroni ndiyo oksidasio: N.O. inapanda. Kupata elektroni ndiyo reduksio: N.O. inashuka. Javeli ni oksidanti, maana yake inawaoksidisha wengine, na yenyewe inashuka.

Na klori ya chumvi? Iko −1. Imekwisha kula, imeshiba. Tabaka lake limejaa. Haitafuti kitu kwa kirusi. Unaweza kunawa nayo asubuhi mpaka jioni, haitanyang'anya hata elektroni moja. Hilo ndilo jibu, rafiki yangu uliyeuliza: ndoo ilikuwa na klori yenye njaa, chumvi iko na klori iliyoshiba. Tofauti yake ni +1 na −1.

(Na sabuni? Sabuni na maji vinafaa sana pia, lakini kwa njia nyingine: sabuni inabomoa ngozi ya mafuta ya kirusi na maji yanachukua uchafu. Pale hesabu ya N.O. haihusiki.)

Kwa wanaopenda historia: gesi ya klori ilitengenezwa mara ya kwanza na Scheele wa Uswidi mwaka 1774. Mwaka 1810 Davy wa Uingereza ndiye aliyesema ni elementi, akaipa jina lake. Neno javeli linatoka kwa Javel, mahali karibu na Paris, Ufaransa, ambapo maji hayo yalitengenezwa miaka ya 1780 kwa ajili ya kung'arisha nguo, baada ya kazi ya Berthollet.

5. MAMBO MATATU AMBAYO N.O. INATUFUNDISHA JUU YA NDOO

La kwanza: ndoo inachoka. Mliona wakati ule maji ya jana yalimwagwa na mengine yakatengenezwa. Wengine walinung'unika, wakasema ni kuharibu mali. Angalieni kinachotokea ndoo ikikaa juani:

2 ClO− → 2 Cl− + O2

Klori: toka +1 mpaka −1. Oksijeni: toka −2 mpaka 0. Klori mbili zimepata elektroni nne, oksijeni mbili zimetoa elektroni nne. Daftari sawa. Lakini kilichobaki ndani ya ndoo ni iyoni za klori iliyoshiba, ndugu ya chumvi! Harufu kidogo bado iko, nguvu imekwisha. Uchafu pia unafanya hivyo: mkono wenye udongo unakula klori yote kabla haijafika kwa kirusi. Ndiyo maana sakafu yenye uchafu inaoshwa kwanza, klori inafuata.

La pili: kipimo. Kwa mikono ilikuwa 0,05 %, kwa sakafu na vitu vya mgonjwa 0,5 %, mara kumi zaidi. Tofauti ni nukta tu, lakini ngozi yako pia iko na elektroni za kunyang'anywa. Kama chupa ya javeli imeandikwa 5 %, kipimo kimoja cha javeli na vipimo 9 vya maji vinatoa 0,5 %. Kipimo kimoja na vipimo 99 vya maji vinatoa 0,05 %. Soma karatasi ya chupa kwanza, maana chupa zote haziko sawa. Na javeli hainywewi kamwe.

La tatu, nawaomba wote mlio zamu ya vyoo siku ya salongo mlisome mara mbili. Msichanganye javeli na kitu chenye asidi: dawa kali ya kusafisha choo, siki, maji ya ndimu, asidi ya betri. Mtu anafikiri dawa mbili zitafanya kazi kuliko moja. Tazama kitakachotokea:

ClO− + Cl− + 2 H+ → Cl2 + H2O

Klori ya javeli iko +1, klori iliyoshiba iko −1. Asidi inapoingia, zote mbili zinakutana katikati, kwenye sifuri. Na sifuri ni nini katika ngazi yetu? Ni Cl2, gesi ya rangi ya kijani-manjano, inayochoma mapafu. Gesi hiyo ndiyo iliyoachiliwa juu ya askari kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Ndani ya choo chembamba kisicho na dirisha huhitaji nyingi. Mkojo pia unapotoa amonia na kukutana na javeli, gesi nyingine mbaya inatoka. Basi: mwaga maji mengi kwanza, acha mlango wazi, tumia dawa moja tu. Ukisikia macho na koo vinawasha, toka nje, usibaki kumaliza kazi.

6. NENO JUU YA MAKALA

Nisingependa mfikiri kwamba N.O. ni ya klori peke yake. Usiku wa Butembo ni baridi, na watu wanaingiza mbabula ndani ya chumba wakafunga mlango na dirisha. Tuhesabu.

Makala ni kaboni: N.O. 0.
Hewa ikitosha: C + O2 → CO2, kaboni inafika +4.
Hewa ikiwa kidogo: 2 C + O2 → 2 CO, kaboni inaishia +2.

CO ni kazi iliyokatishwa njiani. Kaboni yake bado iko na elektroni mbili za kutoa, ndiyo maana inaweza kuwaka bado na kuwa CO2, na ndiyo maana watu wa viwandani wanaitumia kunyang'anya oksijeni toka kwa mawe ya madini: SnO2 + 2 CO → Sn + 2 CO2. Bati inashuka toka +4 mpaka 0, kaboni inapanda toka +2 mpaka +4. CO hapo ni redukta.

Lakini niseme kweli: N.O. haituambii kila kitu. CO inaua kwa sababu inajishika kwenye chuma cha damu, katika nafasi ya oksijeni, na haina harufu ya kukuamsha. Hilo hukulisoma katika x. Ila x imekuambia ni lini gesi hiyo inazaliwa: wakati hewa haitoshi. Toa mbabula nje kabla ya kulala. Familia nzima inaweza kulala na isiamke.

7. MAKOSA NINAYOYASAHIHISHA KILA MWAKA

a) Kusahau kuzidisha. Katika K2Cr2O7, mtu anaandika 1 + x − 2 = 0. Potasiumu ni mbili, kromu ni mbili, oksijeni ni saba! Sahihi: 2 + 2x − 14 = 0, x = +6.

b) Kuzidisha kwa namba iliyo mbele. Katika "2 H2O" ile 2 ya mbele inasema molekuli ni mbili. Haiingii katika hesabu ya N.O.

c) Kusahau alama ya iyoni. NH4+ : x + 4 = +1, azoti −3. Aliyeandika jumla sifuri amepata −4, na amepoteza pointi kwa alama moja ndogo.

d) Kuandika 2+ mahali pa +2. Kwa N.O. alama inatangulia: +2. Kwa iyoni alama inafuata: Ca2+. Anayesahihisha Exetat hatakuonea huruma.

e) Kuona oksijeni na kuandika −2 bila kutazama jirani zake. Kumbuka H2O2.

f) Kuiba jibu kwa mwenzako. Hili haliko la shimi, lakini lionekane hapa. Jirani yako naye amesahau kuzidisha.

8. MAZOEZI

Fanya peke yako kwanza. Majibu yako chini, lakini ficha kwa mkono.

1) Azoti katika HNO3.
2) Chuma katika Fe2O3, kutu ya mabati yetu.
3) Kaboni katika NaHCO3.
4) Klori katika NaClO2.
5) Bati katika SnO2 na tantali katika Ta2O5, zilizo katika mawe ya madini ya Kivu.
6) Oksijeni katika Na2O2.
7) Kasiksi ikikaa sana inachacha: alkoli C2H6O inakuwa asidi ya siki C2H4O2. (Sisi hatuinywi, tunaihesabu tu.) Tafuta wastani wa N.O. ya kaboni kabla na baada. Kaboni imeoksidishwa ama imereduishwa?
8) Fundi amefunika chuma na zinki. Katika mvua, zinki inatoka 0 mpaka +2 na chuma kinabaki 0. Nani amemlinda nani, na kwa njia gani?

Majibu: 1) +5. 2) +3. 3) +4. 4) +3. 5) +4, +5. 6) −1, ni peroksidi. 7) Toka −2 mpaka 0, imepanda, basi imeoksidishwa. 8) Zinki inatoa elektroni zake kabla ya chuma, hivyo chuma hakinyang'anywi.

Kama umepata sita, uko tayari kwa interogasio. Kama umepata tatu, rudi kwenye mfano wa tatu. Kama hukupata hata moja, njoo unione saa sita na daftari lako. Usione haya. Yule aliyeuliza juu ya chumvi walimcheka klasi nzima, na leo shule yote inajifunza kwa sababu yake.

Mungu awabariki katika masomo.

Mwalimu wenu wa shimi